Likizo ya Wawili na Mbwa Katika Nyumba ya Kupanga Kando ya Ziwa: Mwongozo Kamili

Nyumba ya kando ya ziwa hulipiwa na watu wawili, lakini anayeikagua kila pembe ni mbwa. Yeye ndiye atakayegundua kwanza pengo lililo chini ya uzio, mfupa wa samaki uliosahauliwa nyuma ya jiko, na mahali ambapo kina cha maji kinaanza ghafla. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaitazama nyumba kwa macho ya mbwa kabla ya kuitazama kwa macho ya wenyewe wawili. Katika likizo kadhaa za aina hii ambazo mimi na mwenzi wangu tumezifanya, karibu kila tatizo lililotupata lilianzia kwenye swali ambalo hatukuuliza kabla ya kulipa. Nimepanga hatua kwa mfuatano wa siku, kuanzia mazungumzo ya nyumbani hadi wiki chache baada ya kurudi.

Hatua ya kwanza: mazungumzo ya wawili

Kabla ya kufungua tangazo lolote, kaeni muulizane kila mmoja anataka nini katika siku hizo. Watu wawili wanaweza kusema kwa kauli moja kwamba wanataka kupumzika huku kila mmoja akiwa na picha yake kichwani: mmoja anauona mtumbwi, ndoano na kuamka alfajiri, na mwingine anakiona kitabu, baraza lenye kivuli na kulala hadi jua liwe juu. Mbwa naye ana lake, kwa kuwa hajui likizo ni nini, na saa yake ya kutoka nje haisogei kwa sababu ninyi mmechelewa kulala. Amueni mapema nani atatoka naye alfajiri na kwa siku zipi. Kupokezana siku kwa siku kunafaa zaidi kuliko ahadi ya kusaidiana, ambayo mwishowe humwangukia mwenye usingizi mwepesi.

Zungumzeni pia kuhusu fedha za dharura. Kubalianeni kiwango mlicho tayari kutumia kwa matibabu ya mbwa bila mjadala, hasa ikiwa mbwa huyo alikuwa wa mmoja wenu kabla hamjaanza kuishi pamoja. Mazungumzo hayo hayapendezi, na ndiyo maana ni bora yafanyike sebuleni kwenu kuliko mlangoni pa kliniki saa tano usiku.

Kisha mpimeni mbwa mwenyewe bila upendeleo. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hatazifurahia ngazi arobaini za kushuka ufuoni. Mbwa wa uso bapa, kama vile pug na bulldog, hupumua kwa shida wakati wa joto, na wengi wao hawawezi kuelea, kwa sababu kichwa chao ni kizito na miguu yao ni mifupi. Mbwa anayebweka kila anapoona kitu kinapita atakuwa kazini kutwa nzima mahali ambapo mashua, ndege na wavuvi hawaishi kupita. Wakati mwingine uamuzi wa busara ni kumwacha kwa mtu anayemfahamu, na kufikia uamuzi huo si kosa.

Hatua ya pili: kuisoma nyumba katika tangazo

Maneno ya matangazo yana maana finyu kuliko yanavyosikika. Tangazo linalotaja mandhari ya ziwa linaahidi tu kwamba ziwa linaonekana, pengine kutoka dirisha moja na ng'ambo ya barabara. "Karibu na ziwa" huweza kuwa mwendo wa robo saa. Ufuo wa pamoja ni ufuo ambao majirani na wapangaji wengine wana haki nao, na fuo nyingi za namna hiyo huwazuia mbwa katika msimu wa wageni wengi. Mnachokihitaji ni kiwanja kinachofika majini bila kukatwa na barabara. Fungueni ramani ya satelaiti mlinganishe umbo la ufuo na picha za baraza. Hata pale anwani kamili inapofichwa hadi baada ya malipo, mara nyingi umbo la gati na paa la nyumba vinatosha kuitambua.

Katika picha, tazameni sana mahali ambapo nchi kavu inakutana na maji. Ufuo wa mchanga au changarawe unaoteremka polepole ndio bora kwa mbwa, kwa kuwa anaingia na kutoka kwa miguu yake mwenyewe. Ukuta wa mawe au zege uliosimama wima una hatari ambayo watu wengi hawaifikirii: mbwa anaruka kwa furaha, kisha hapati pa kupandia, na hata mwogeleaji hodari huchoka akizunguka kutafuta njia. Ikiwa nyumba ina ukuta wa namna hiyo, ulizeni kama kuna ngazi pana au sehemu ya mteremko, na mjue iko upande gani.

Uzio nao una kasoro yake ya kando ya ziwa. Tangazo litasema kwamba kiwanja kimezungushiwa uzio, na ni kweli, ila uzio wenyewe hukomea ukingoni mwa maji. Mwaka mmoja tulimfungulia mbwa wetu kwa kuutegemea uzio huo. Alitembea hadi mwisho wa waya, akaingia majini hadi kifuani, akauzunguka mwimo wa mwisho kwa utulivu wa mtu anayepita mlango wake wa kila siku, akatokea kwenye bustani ya jirani. Alitumia chini ya dakika moja. Tangu hapo uzio wa kando ya ziwa nauhesabu kuwa na pande tatu tu.

Ulizeni vilevile kama ziwa ni la asili au limetokana na bwawa. Katika mabwawa ya umeme na ya umwagiliaji, kimo cha maji hupanda na kushuka kwa kadiri maji yanavyofunguliwa, na nyumba iliyopigwa picha maji yakiwa mlangoni inaweza kuwa imetenganishwa nayo na eneo pana la tope mnapofika. Tope hilo hunasa miguu ya mtu na ya mbwa pia.

Hatua ya tatu: maswali kwa mwenye nyumba

Alama ya kwamba mbwa wanaruhusiwa haitoshi. Mwandikieni mwenye nyumba ujumbe mmoja wenye maelezo kamili ya mbwa wenu, yaani aina yake, uzito, umri na tabia zake, kisha muulize kama kuna kikomo cha uzito au idadi, kama ada ya mbwa ni ya kila usiku au ya kukaa kote, kama amana itarudishwa na kwa masharti gani, kama mbwa anaweza kuachwa peke yake ndani ya nyumba, na kama kuna vyumba au viti asivyoruhusiwa kukaribia. Swali la kumwacha peke yake lina uzito kuliko mengine yote, kwa maana nyumba nyingi zinazowapokea mbwa hukataza jambo hilo, na katazo hilo linaamua kama ninyi wawili mtaweza kutoka pamoja hata jioni moja.

Majibu yote yawe ya maandishi na yapitie mahali palepale mlipoweka nafasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ruhusa ya mdomo hupotea siku mwenye nyumba anapoona nywele kwenye zulia. Wakati mmoja tuliruhusiwa kwa simu kuwa na mbwa mkubwa, na baada ya kuondoka tukadaiwa faini kwa sababu mkataba ulitaja mbwa mdogo. Hatukuwa na la kuonyesha, tukalipa.

Mwulizeni pia kuhusu ziwa lenyewe: je, maji huwahi kubadilika rangi au kufungwa kwa sababu ya mwani, na ni miezi gani? Mkazi wa hapo analijua jibu, na namna anavyojibu itawaonyesha kama ni mtu wa kumwamini. Someni masharti ya kufuta nafasi mkiwa na swali hilo akilini, kwa sababu ziwa lisilofaa kuogelewa halihesabiwi kuwa sababu ya kurudishiwa fedha isipokuwa pale mkataba unaposema hivyo.

Hatua ya nne: daktari wa mifugo

Mpelekeni mbwa kwa daktari wiki sita kabla ya safari. Muda huo si wa kupita kiasi. Chanjo ya leptospirosisi, ugonjwa ambao wengi wanaufahamu kwa jina la homa ya mgunda, hutolewa mara mbili kwa mbwa anayeanza, kwa nafasi ya wiki mbili hadi nne kati ya dozi. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi kwenye maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu, na humpata binadamu pia. Mbwa anayekunywa kwenye vidimbwi vya ufuoni ni mgombea mzuri wa ugonjwa huo.

Hakikisheni kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na muda, na kwamba kinga ya kupe na viroboto itafanya kazi kwa siku zote za safari. Mkivuka mpaka, anzeni mapema zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka mbwa awekewe chipu ya utambulisho kabla ya kuchanjwa kichaa cha mbwa, na baada ya chanjo ya kwanza zipite siku 21 kabla ya kusafiri. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na watu hurudishwa mpakani kwa kosa hilo dogo la mpangilio.

Tafuteni kliniki iliyo karibu na nyumba mnayokwenda na inayopokea dharura za usiku, mwandike namba na njia ya kufika kwenye karatasi. Kando ya maziwa mengi mtandao wa simu ni hafifu, na ramani ya simu hukataa kufunguka saa ileile inapohitajika.

Hatua ya tano: mizigo na safari

Kuhusu mizigo yenu wenyewe sina la kuwafundisha. Mzigo wa mbwa uwe na chakula chake cha kawaida cha siku zote pamoja na ziada ya siku mbili, kwa maana kubadili chakula ghafla ugenini ni njia ya haraka ya kusafisha mazulia ya watu. Chukueni tandiko lake bila kulifua, kwa sababu harufu ya nyumbani humtuliza. Ongezeni shuka kuukuu za kufunika makochi, taulo zake tatu au nne, kamba fupi na kamba ndefu ya mita kumi, mkanda wa kifuani, mifuko ya kuzolea kinyesi, kibano cha kutolea kupe, na jaketi la kuokolea lenye mpini mgongoni. Kibati cha shingoni kiwe na namba ya simu mtakayokuwa nayo safarini.

Mlisheni chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka, msimame kila baada ya saa mbili, na garini afungwe kwa mkanda wake au akae ndani ya kizimba. Msimwache ndani ya gari lililoegeshwa hata kwa dakika chache: siku ya jua yenye nyuzi 21 tu, ambayo binadamu huiona ya baridi kidogo, joto ndani ya gari lililofungwa hufika takribani nyuzi 31 kwa dakika kumi na nyuzi 40 kwa nusu saa. Kufungua dirisha kidogo hakubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha maana. Mkiwa wawili, hapana sababu ya jambo hilo kutokea. Mmoja aingie dukani, mwingine abaki nje na mbwa kivulini.

Hatua ya sita: saa ya kwanza

Mkifika, msimfungulie mbwa. Mmoja wenu amzungushe nje kwa kamba, polepole, akimwacha anuse mipaka yote ya kiwanja, na mwingine aingie ndani peke yake apige magoti. Nasema apige magoti kwa maana halisi, kwa kuwa hatari za nyumba ya kupanga ziko kwenye kimo cha pua ya mbwa. Tazameni chini ya sinki, nyuma ya friji, chini ya vitanda, ndani ya stoo na chini ya baraza. Mnachokitafuta hasa ni sumu ya panya, ambayo hutegwa katika nyumba zinazokaa bila watu kwa miezi na kusahauliwa hapo. Sumu nyingi za aina hiyo huzuia damu isigande, na dalili zake huanza kuonekana siku mbili hadi tano baada ya kuliwa, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena kile kipande cha buluu kilichokuwa pembeni. Mkikuta mbwa amekila, nendeni kwa daktari siku hiyohiyo akiwa bado mzima kabisa, mkiwa na kasha au picha yake.

Katika mzunguko huohuo kusanyeni ndoano na nyuzi za kuvulia zilizoachwa gatini, mpandishe juu vitu vya jikoni ambavyo ni sumu kwa mbwa, yaani chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na chochote chenye sukari ya zailitoli, kama vile baadhi ya chingamu. Pimeni kengele ya moshi na ile ya kaboni monoksaidi. Jiko la mkaa, hata likionekana limezimika, lisiingizwe ndani wala kwenye baraza lililofungwa, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwisho, pigeni picha za kila chumba kabla ya kufungua mizigo, hasa mikwaruzo ya milango na madoa ya makochi mliyoyakuta.

Hatua ya saba: usiku wa kwanza

Usiku wa kwanza mtegemee kulala kidogo. Nyumba za kando ya ziwa mara nyingi zina sakafu za mbao, na kucha za mbwa asiyetulia husikika kama mtu anayeangusha shanga moja moja: anakwenda mlangoni, anarudi, anasimama, anasikiliza maji yakipiga nguzo za gati, kisha anaanza upya. Tuliwahi kukesha hivyo hadi saa nane, kila mmoja akijifanya amelala ili mwenzake ndiye aamke. Hatimaye mwenzi wangu alilivuta tandiko la mbwa hadi kando ya kitanda, akashusha mkono mmoja, na kimya kikaingia ndani ya dakika tano.

Tangu siku hiyo tandiko huwekwa chumbani mwetu usiku wa kwanza hata kama nyumbani hulala sebuleni. Mtembezeni vizuri jioni, mfunge mapazia ya upande wa ziwa, na mfuate saa zilezile za chakula alizozizoea. Akitoka kujisaidia usiku, awe na kamba bila ubaguzi wowote. Wanyama wa porini hushuka kunywa maji saa hizo, na mbwa aliyemfukuza mmoja wao gizani katika eneo asilolijua anaweza kupotea kabisa.

Hatua ya nane: maji

Hapa ndipo mahali pekee ambapo nashauri ukali. Kila asubuhi, kabla mbwa hajakaribia ufuo, mmoja wenu ashuke kulitazama ziwa. Anachokitafuta ni bakteria wajulikanao kama mwani wa buluu-kijani, ambao hushamiri maji yanapokuwa ya vuguvugu, yametulia na yana virutubisho vingi. Huonekana kama rangi iliyomwagwa, kama supu ya mbaazi, au kama utando uliosukumwa na upepo pembeni. Chovya kijiti kirefu: kikitoka na nyuzi za kijani zinazoning'inia kama nywele, huenda ni mwani wa kawaida, kikitoka kana kwamba kimepakwa rangi, kaeni mbali. Kipimo hiki hakithibitishi usalama, kwa hiyo mkiwa na shaka siku hiyo haogelei mtu wala mbwa.

Ukali huo una sababu. Baadhi ya bakteria hao hutoa sumu inayoshambulia ini au mishipa ya fahamu, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Yeye hudhurika kuliko sisi kwa kuwa hunywa anapoogelea, hulamba manyoya baadaye, na hupenda kutafuna vipande vilivyokauka ufuoni. Akiingia kwa bahati mbaya, msuuzeni mara moja kwa maji safi ya bomba kabla hajajilamba. Akianza kutapika, kutoa mate mengi, kuyumba au kutetemeka, msingoje kuona kama atapata nafuu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo, na daktari anachoweza kufanya hutegemea kuwahi.

Maji yakiwa safi, mwanzisheni polepole hata kama ni mwogeleaji wa siku nyingi. Mvalisheni jaketi, mfunge kamba ile ndefu kwenye mkanda wa kifuani, muingie naye hadi magotini, mmwache achague mwenyewe. Mbwa anayetupwa majini kutoka gatini hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutowaamini waliomtupa. Gati lenyewe likaguliwe: mapengo kati ya mbao yanaweza kunasa wayo, na mbao zenye ukungu huteleza. Kamba iondolewe mkikaribia nguzo au matawi yaliyozama, kwa kuwa inaweza kujizungusha ikamshika.

Mchezo wa kurusha mpira majini una hatari yake. Kila anapoudaka mbwa humeza maji, na akirudia kwa saa nzima chumvi ya damu inaweza kushuka kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Tumbo lililofura, kutapika, macho yaliyokodoka bila kutazama na mwendo wa mlevi ni dalili zake. Rusheni kitu bapa badala ya mpira mnene unaomlazimisha kufungua mdomo wote, na mpumzike nchi kavu kila baada ya dakika kumi hivi. Mkia ukining'inia kama uliovunjika siku inayofuata, hasa baada ya maji baridi, kwa kawaida ni misuli iliyochoka, nayo hupona kwa mapumziko ya siku chache, ingawa daktari anaweza kumpa kitu cha maumivu. Msimpe dawa zenu wenyewe, kwa maana ibuprofeni na parasetamoli humdhuru.

Kwa ninyi wawili, kumbukeni kwamba maji ya ziwa yanaweza kuwa baridi hata siku ya jua kali. Anayetumbukia ghafla katika maji baridi hupumua kwa kutweta bila kujizuia kwa dakika moja au zaidi, na huo ndio wakati wa kuzama. Akianguka, alale chali aelee hadi pumzi irudi, ndipo aogelee. Mtumbwini kila mtu avae jaketi, mbwa akae katikati na chini, wala asifungwe kwenye mtumbwi, kwa sababu ukipinduka atazama nao. Mbwa akisombwa mbali, msimrukie. Watu wamekufa wakimfuata mbwa ambaye baadaye alitoka mwenyewe. Mwiteni kutoka ufuoni mkitembea kuelekea mahali anapoweza kupanda.

Akimeza ndoano, msiuvute uzi hata kidogo. Ukateni ukiwa mrefu, mfunge ncha yake kwenye mkanda wa shingoni usije ukaingia wote tumboni, mwende kwa daktari. Na katika nchi za joto kuna mambo mengine ya kuuliza wenyeji: kichocho, ambacho viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na katika maziwa mengi ya Afrika mamba na viboko. Mahali wenyeji wasipooga, msioge.

Hatua ya tisa: siku za kawaida

Siku zikianza kufanana, zifuateni joto. Mazoezi yawe asubuhi na jioni, mchana uwe wa kivuli. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni takribani nyuzi 38.3 hadi 39.2, akihema bila kukoma, ufizi ukawa mwekundu sana na akaanza kuyumba, mmwagieni maji ya baridi ya kiasi, mpepee, kisha mwende kliniki. Msimfunike kwa taulo yenye maji na kuiacha juu yake, kwa kuwa huzuia joto lisitoke.

Kila jioni mmoja wenu amkague kupe, ndani ya masikio, kwapani, kati ya vidole na chini ya mkanda wa shingoni. Kwa ugonjwa wa Lyme, ambao upo katika maeneo mengi ya misitu ya Ulaya na Amerika Kaskazini, kupe kwa kawaida huhitaji kunyonya kwa zaidi ya saa 24 ndipo auambukize, kwa hiyo ukaguzi wa kila siku una faida halisi. Mshikeni karibu kabisa na ngozi kwa kibano mumvute moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Baadaye mkaguane ninyi pia. Dawa ya mbu ya binadamu isipakwe kwa mbwa.

Kinyesi kizolewe chote, hata kile cha vichakani. Fosforasi iliyomo huoshwa na mvua hadi ziwani, nayo ni chakula cha mwani uleule mnaoukagua kila asubuhi. Sabuni ya kumwogeshea mbwa nayo itumike mbali na ukingo, yapata mita 60.

Ikiwa mnaruhusiwa kumwacha peke yake, anzeni na dakika kumi mkiwa mmekaa nje mnasikiliza, kisha nusu saa, ndipo mwende kula jioni mahali. Ikiwa hamruhusiwi, kila mmoja apewe nusu siku yake ya kuwa huru kabisa, bila mbwa na bila mwenzi. Wengine hushangaa nikisema hivyo kuhusu likizo ya wawili, lakini mtu aliyevua samaki peke yake asubuhi nzima hurudi na hadithi ya kusimulia mezani.

Hatua ya kumi: kuondoka

Usafi uanze jioni ya mwisho, kwa kuwa asubuhi ya safari mbwa huona masanduku na kuanza kufuata miguu ya watu. Ondoeni nywele kwenye makochi kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, mfagie mchanga kabla ya kupiga deki, na msitupe taulo za karatasi wala nywele chooni, maana nyumba nyingi za namna hii hutumia shimo la maji taka lisilostahimili takataka hizo. Kikiharibika kitu, mwambieni mwenye nyumba kabla hajakiona mwenyewe. Pigeni tena picha za kila chumba, kwa pembe zilezile za siku ya kwanza.

Nyumbani, kausheni masikio ya mbwa, mkague kupe kwa siku kadhaa zaidi, na kwa wiki tatu au nne zinazofuata mtazameni kama ana homa, anachechemea, anaharisha au amepoteza hamu ya kula. Mkilazimika kumpeleka kwa daktari, neno la kwanza kumwambia liwe kwamba mbwa huyu alikuwa akiogelea ziwani, pamoja na jina la ziwa na tarehe.